Dawa ya malaria kutibu saratani: maswali ninayoulizwa dirishani

Mimi ni mfamasia. Dirisha langu liko Dodoma mjini, na wateja wengi huniita dokta ingawa nimewakanya mpaka nimechoka. Ukurasa huu ulianza na mteja mmoja aliyeteremka kwenye basi la Kongwa asubuhi moja akaomba mseto, ile dawa ya malaria, boksi kumi. Dodoma si Tabora. Malaria huku kwetu ni ya nadra, kwa hiyo mtu anayetaka boksi kumi kwa mkupuo huna budi kumuuliza kulikoni. Akanipa simu yake nisome: dawa ya malaria inaua saratani ya matiti ndani ya saa 16, wasambazie wenzako. Dada yake alikuwa na uvimbe kwenye titi tangu kabla ya mvua.

Sikumuuzia, naye hakuniaga. Tangu siku hiyo ninaandika kwenye daftari kila swali la aina hiyo linalofika dirishani. Nimeyaweka hapa kwa maneno ya waulizaji wenyewe, matusi tu ndiyo niliyopunguza.

Dokta, ni kweli au ni uzushi?

Ni kweli iliyokatwa kichwa. Henry Lai na Narendra Singh, watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, Marekani, walianza kuchapisha habari hizi mwaka 1995. Mwaka 2001 walieleza jinsi seli za saratani ya matiti zilivyokufa karibu zote ndani ya saa 16 baada ya kuwekewa dawa ya jamii ya artemisinini. Ujumbe wa yule kaka ulitoka huko.

Kichwa kilichokatwa ni hiki: seli hizo zilikuwa kwenye kisahani cha maabara. Hapakuwa na mwanamke, hapakuwa na titi, ini wala damu inayozunguka. Tena seli zilikuwa zimeshibishwa madini ya chuma kwanza ndipo dawa ikawekwa. Jiki nayo ukiimimina kwenye kisahani hicho itaua kila seli, na haihitaji hata saa moja. Kuua seli kwenye kisahani ni jambo jepesi. Kazi ni kuziua ndani ya mtu ukamwacha mtu mwenyewe mzima.

Ni dawa ipi hasa? Maana za malaria ziko nyingi.

Inayozungumzwa zaidi ni artesuneti. Ndiyo sindano anayochomwa mgonjwa wa malaria kali wodini siku hizi, badala ya ile dripu ya kwinini iliyokuwa ikiwaacha watu masikio yanavuma. Artesuneti imetengenezwa kutokana na artemisinini, kitu kilichomo kwenye mmea ambao wakulima wetu wanauita pakanga. Aliyeitoa artemisinini kwenye mmea huo ni Tu Youyou wa China, ndani ya mradi wa siri wa kijeshi ulioanza Mei 1967, na mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel.

Ya pili ni klorokwini, pamoja na ndugu yake haidroksiklorokwini. Ya tatu ni atovakwoni, ambayo hapa kwetu huiona zaidi mikononi mwa watalii. Watafiti wa Oxford waliijaribu kwa wagonjwa wa saratani ya mapafu kwa sababu hupunguza matumizi ya oksijeni ndani ya seli za uvimbe. Uvimbe wenye oksijeni ya kutosha huumizwa zaidi na mionzi kuliko uvimbe unaokosa hewa, kwa hiyo atovakwoni ilikuwa inaitengenezea mionzi njia.

Mbu na saratani wapi na wapi? Dawa moja inatibuje vitu viwili?

Kinachoviunganisha ni chuma, haya madini ya chuma yaliyomo kwenye damu.

Ndani ya artemisinini kuna atomi mbili za oksijeni zilizoshikana zikafanya kama daraja. Daraja hilo hubaki tulivu kwa muda mrefu mpaka likutane na chuma. Likikutana nacho linavunjika, na vipande vinavyoruka vinaunguza kila kilicho karibu: protini, ngozi ya seli, kila kitu. Sasa mdudu wa malaria anaishi ndani ya chembe nyekundu na chakula chake ni himoglobini. Akila himoglobini anabaki amezungukwa na lundo la chuma. Dawa ikiingia pale ni kama kiberiti kwenye stoo ya petroli.

Seli ya saratani haili himoglobini, lakini ni mroho wa chuma. Inagawanyika kila mara, na kila inapogawanyika lazima inakili vinasaba vyake upya, kazi isiyowezekana bila chuma. Kwa hiyo inajiotesha milango mingi ya kupokelea chuma kuliko seli jirani. Hapo ndipo Lai na Singh walipopata wazo lao: kama dawa hulipuka penye chuma, basi italipuka zaidi ndani ya mroho.

Wazo ni zuri. Mimi mwenyewe nililipenda mara ya kwanza nilipolisoma. Tatizo liko kwenye kipimo. Mdudu wa malaria hufa kwa dawa kidogo mno, kidogo kiasi kwamba seli nyingi za saratani huhitaji kiasi kinachozidi hicho mara elfu moja hivi. Na artesuneti ikishaingia mwilini hubadilika upesi, na kile inachobadilika kuwa hupungua kwa nusu katika muda wa saa moja au pungufu. Kwa malaria muda huo unatosha, maana dozi inarudiwa na mdudu ana chuma cha kutosha kujilipua. Kwa uvimbe wa ukubwa wa limao uliojificha nyuma ya mishipa mibovu, dawa inapita kama basi lisilosimama kituoni.

Klorokwini nayo inalipuka?

Hapana, hiyo njia yake ni nyingine kabisa. Seli iliyobanwa, labda kwa tiba kemikali au kwa njaa ya hewa, ina tabia ya kumeng'enya sehemu zake chakavu ili ipate nguvu ya kuishi mpaka kesho. Klorokwini huharibu lile tumbo la seli linalofanya kazi ya kumeng'enya. Matumaini yalikuwa kwamba ukimpa mgonjwa tiba kemikali pamoja na klorokwini, seli ya saratani itakosa pa kukimbilia.

Mexico walijaribu kwa wagonjwa 30 wenye saratani mbaya ya ubongo, matokeo yakatoka mwaka 2006. Waliopewa klorokwini juu ya tiba ya kawaida waliishi miezi 24 kwa wastani wa kati, wengine 11. Ukisikia hivyo unataka kukimbilia dukani. Lakini wagonjwa walikuwa wachache mno na hesabu zilishindwa kuthibitisha kwamba tofauti ile haikuwa bahati. Mwaka 2019 Marekani wakatoa matokeo ya wagonjwa 112 wa saratani ya kongosho. Walioongezewa haidroksiklorokwini hawakuishi zaidi ya wenzao. Waliofikisha mwaka walikuwa asilimia 41, na wasioongezewa asilimia 49.

Wenye kumbukumbu watakumbuka dawa hii hii mwaka 2020, wakati wa korona. Ilisifiwa na marais, watu wakaigombania, wagonjwa wa baridi yabisi waliokuwa wakiitumia kila siku wakaikosa. Kisha Uingereza wakawagawa wagonjwa wa korona hospitalini kwa kura, wengine wakaipata na wengine wasiipate, na haikuwapunguzia vifo.

Kwa hiyo artesuneti imeshajaribiwa kwa watu wenye saratani?

Imejaribiwa, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wanapochanganywa.

Jaribio ninalolipenda kulieleza ni la hospitali ya St George's, London, lililotolewa mwaka 2015. Walichukua wagonjwa 23 wa saratani ya utumbo mpana waliokuwa wanasubiri upasuaji. Wakawagawa kwa kura: kundi moja lilikunywa artesuneti miligramu 200 kila siku kwa siku 14 kabla ya kisu, kundi jingine lilikunywa vidonge vinavyofanana navyo visivyo na dawa. Mgonjwa hakujua yuko wapi, daktari naye hakujua. Waliofikia kwenye hesabu za mwisho walikuwa 20, tisa wa artesuneti na 11 wa vidonge vitupu. Baada ya kufuatiliwa kwa miezi 42 kwa wastani wa kati, saratani ilikuwa imerudi kwa mtu mmoja wa artesuneti na kwa sita wa upande wa pili.

Mmoja kwa sita. Namba hiyo inazunguka mitandaoni peke yake bila lile neno 20.

Kuna la Heidelberg, Ujerumani, la mwaka 2017: wanawake 23 wenye saratani ya matiti iliyokwisha kusambaa, walikunywa artesuneti ya kila siku kwa wiki nne huku wakiendelea na tiba zao. Lengo lilikuwa kujua kama mwili unavumilia, si kama saratani inapona. Waliwapima mpaka masikio, kwa sababu dawa za jamii hii ziliwahi kuwadhuru wanyama wa maabara mishipa ya fahamu. Miligramu 200 kwa siku zilivumilika.

Kuna la Marekani, la mwaka 2018, la sindano ya mshipa kwa watu 19 waliokuwa wameshapitia tiba nyingine. Walipandisha dozi mpaka miligramu 25 kwa kila kilo ya mwili, na ya juu kabisa iliyovumilika ikawa 18. Mgonjwa wa malaria kali hupewa 2.4. Hakuna hata uvimbe mmoja uliosinyaa kiasi cha kuhesabiwa, ingawa kwa baadhi yao ugonjwa ulisimama kwa muda.

Na kuna la Johns Hopkins, la mwaka 2020, ambalo kwa maoni yangu ndilo linalotuhusu zaidi sisi wa huku. Hili halikuwa la saratani yenyewe bali la mabadiliko yanayoitangulia kwenye mlango wa kizazi. Wanawake 28 walijiwekea wenyewe vidonge vya artesuneti ukeni, na kwa 19 kati yao mabadiliko yale yalirudi nyuma. Mantiki yake iko wazi: usiipitishe dawa mwili mzima ikafika imechoka, ipeleke mlangoni kwenye ugonjwa. Hata hivyo hapakuwa na kundi la kulinganisha, na mabadiliko ya aina hiyo wakati mwingine huisha yenyewe. Kisumu, kwa majirani zetu wa Kenya, jaribio dogo la usalama la dawa hiyo hiyo lilifanyika, na lilifikiriwa kwa ajili ya wanawake ambao kliniki yenye mashine iko mbali nao. Mwanamke wa Chemba au Mpwapwa ataelewa maana ya maneno hayo bila kuelezwa.

Mmoja kwa sita si inatosha? Watu wanakufa ninyi mnasubiri nini?

Aliyeniuliza hivi alikuwa amekasirika na ana haki ya kukasirika.

Chukua shilingi, irushe mara 20. Siku nyingine utapata mwenge mara 13, siku nyingine mara 8, na shilingi ni ile ile. Watu 20 ni wachache kiasi hicho. Labda wale sita walikuwa na uvimbe uliofika mbali zaidi kabla hata ya kidonge cha kwanza. Ndiyo maana waliofanya jaribio lile wenyewe hawakusema wamepata dawa. Walisema tunahitaji jaribio kubwa zaidi, na makubwa zaidi yakaandaliwa Uingereza na Vietnam.

Nchi yetu inaijua hali hii kwa uzoefu. Mwaka 2011 watu walijipanga kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Babu, dawa iliyosifiwa kuponya magonjwa sugu, na wapo walioacha dozi zao nyumbani. Nilikuwa bado masomoni. Sitasahau foleni ya magari, wala utulivu wa wale waliorudi wakisema wamepona bila kupimwa.

Nikimeza mseto wa kawaida kila siku je?

Usifanye hivyo. Kwanza mseto si artesuneti. Kidonge kimoja kina miligramu 20 za artemetha, ndugu ya artesuneti, na 120 za lumefantrini. Dozi nzima ya mtu mzima ni vidonge 24 kwa siku tatu, sawa na miligramu 480 za artemetha. Wale wa London walikunywa miligramu 2,800 za artesuneti katika siku 14, damu ikipimwa. Ukitaka kufikia kiasi hicho kwa mseto utakuwa umemeza lumefantrini ya kutisha, na lumefantrini ikizidi huvuruga mapigo ya moyo. Wagonjwa wa tiba kemikali mara nyingi huwa tayari wanakunywa dawa za kuzuia kutapika ambazo nazo hugusa mapigo hayo hayo.

Pakanga ya kuchemsha? Mama mkwe anayo uani.

Mwachie mama mkwe bustani yake. Ila aijue hadithi hii. Tu Youyou na wenzake walihangaika na mmea huo kwa sababu dondoo lao siku moja lilifanya kazi, siku nyingine halikufanya. Akarudi kwenye kitabu cha tiba cha Ge Hong, mganga wa Kichina wa karne ya 4, akakuta kimeandikwa: loweka majani kwenye maji, kamua, kunywa. Hapakuwa na habari ya kuchemsha. Ndipo alipong'amua kwamba moto ndio uliokuwa ukimharibia. Mwaka 1971 akatumia etha, ambayo huchemka kwa joto dogo, na dondoo lake likawasafisha panya na nyani malaria.

Kwa hiyo birika la mama mkwe linafanya kile kile kilichomkwamisha mtaalamu mwenyewe. Juu ya hapo artemisinini haipendi maji, haiyeyuki humo vizuri, na kikombe cha leo hakilingani na cha kesho. Shirika la Afya Duniani halishauri chai ya pakanga hata kwa malaria, ugonjwa ambao dawa hii imethibitishwa kuuweza.

Ina madhara gani?

Kwa siku tatu za malaria, ni kati ya dawa zenye upole. Kwa wiki nyingi ni habari nyingine. Kuna watu ambao chembe nyekundu zao huvunjika wiki moja mpaka tatu baada ya artesuneti ya sindano, wanapungukiwa damu wakati wanadhani wameshapona. Ini nalo linaweza kulalamika. Mgonjwa wa saratani mara nyingi damu yake iko chini tangu mwanzo, kwa hiyo kilichokuwa kero kwa kijana wa bodaboda kinaweza kuwa hatari kwake.

Wazungu wameificha kwa sababu ni ya bei rahisi, si ndiyo?

Nusu yake nakubaliana nawe. Hakuna aliyeificha, majaribio yote niliyoyataja yamechapishwa. Lakini jaribio la mwisho, lile la mamia ya wagonjwa, hugharimu fedha nyingi mno, na artesuneti haina mwenye hati miliki wa kuzirudisha fedha hizo. Nani atalipia kuthibitisha dawa ambayo kesho kila kiwanda kitaiuza? Wanabaki kulipia wafadhili, vyuo na serikali, nao huenda polepole. Hakuna siri hapo, kuna uvivu wa soko, na mimi huona uvivu huo unaudhi kuliko siri.

Dawa ya zamani kupata kazi mpya hutokea. Thalidomaidi, iliyowahi kuwalemaza watoto wakiwa matumboni, mwaka 1998 iliruhusiwa Marekani kwa matatizo ya wagonjwa wa ukoma, na mwaka 2006 ikaruhusiwa kwa saratani ya uboho. Wazee wa Hombolo wanaoujua ukoma kwa macho yao hushangaa nikiwaeleza.

Na undugu wa dawa za malaria na za saratani ni wa zamani kuliko mitandao. SP wanayomeza akina mama wajawazito kliniki ina pirimethamini ndani yake. Pirimethamini ilitoka kwenye maabara ya George Hitchings na Gertrude Elion, watu wale wale waliotoa dawa ya saratani ya damu, na wakapewa Nobel mwaka 1988. Walikuwa wakitafuta namna ya kuzuia seli zisitengeneze vinasaba. Mdudu akazuilika, na seli ya saratani ikazuilika.

Hapa Tanzania jambo kama hili liliwahi kujaribiwa?

Liliwahi, na watu wengi hawajui. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt, aliyekuwa Kampala, alieleza saratani ya watoto inayovimbisha taya. Baadaye ikaonekana inafuata maeneo yenye malaria nyingi. Kati ya mwaka 1977 na 1982, kule North Mara, watoto wa chini ya miaka 10 waligawiwa klorokwini mara kwa mara ili ionekane kama kupunguza malaria kutapunguza saratani hiyo.

Ilipungua. Lakini walipotazama rekodi za nyuma waliona ilikuwa imeanza kupungua kabla kidonge cha kwanza hakijagawiwa. Na wadudu nao walikuwa wanaanza kuizoea klorokwini. Kwa hiyo kazi ya miaka mitano, na maelfu ya watoto, ilishindwa kusema ndiyo wala hapana. Angalia pia kwamba huko klorokwini ilitolewa kuzuia malaria, haikutolewa kuua seli za saratani. Watu huzichanganya hizo habari mbili.

Nikimeza mwenyewe namdhuru nani?

Mtoto wa Kigoma. Klorokwini tuliiacha mwaka 2001 kwa sababu ya usugu, SP ikachukua nafasi yake na kuchoka ndani ya miaka michache, na tangu mwisho wa mwaka 2006 tumekuwa kwenye mseto. Mkoani Kagera watafiti wameshaona wadudu wenye mabadiliko ya jeni yanayowasaidia kuistahimili artemisinini. Shirika la Afya Duniani liliomba tangu mwaka 2006 vidonge vya artemisinini peke yake visiuzwe kwa malaria. Kila anayekunywa kidogo kidogo kwa miezi anawafundisha wadudu somo.

Dada yuko kwenye dripu za saratani na sasa ana homa. Nimpe dawa ya malaria au nisimpe?

Mpeleke hospitali leo, usingoje asubuhi. Homa kwa mtu aliye kwenye tiba kemikali inaweza kuwa maambukizi kwa sababu kinga yake imeshuka, na hayo huua kwa saa chache. Atapimwa malaria kwa kipimo cha haraka kama mtu mwingine yeyote, na akikutwa nayo atatibiwa. Kuwa na saratani hakumnyimi mtu dawa ya malaria. Beba karatasi zenye majina ya dawa zake zote. Kama anatumia methotrekseti, sema jina hilo kabla hujavua viatu, maana ikikutana na SP uboho unaweza kusimama kufanya kazi.

Nikiambiwa kuna jaribio, nijiunge?

Linaweza kuwa jambo jema kabisa. Jaribio la halali nchini lina kibali cha maadili kutoka NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na la dawa lina kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Omba uvione. Fomu ya ridhaa iwe kwa Kiswahili, na usomewe kama macho hayaoni. Uliza kama tiba yako ya kawaida inaendelea au inasimamishwa, nani atalipa ukiumizwa na dawa, na nauli ya kutoka Kondoa kila wiki mbili inatoka wapi. Unaweza kujitoa siku yoyote, hata bila sababu, na usinyimwe matibabu.

Ukitakiwa kulipia dawa inayojaribiwa, hilo si jaribio, ni biashara. Kuna mahali, sitapataja, mteja wangu alitozwa laki kadhaa kwa "sindano za utafiti" na hakupewa hata karatasi moja yenye jina la dawa.

Sasa nikiona uvimbe nianzie wapi?

Kituo cha afya kilicho karibu, ukaombe rufaa. Kwa Dodoma utaelekezwa hospitali ya General au ya Benjamin Mkapa pale karibu na UDOM. Watachukua kinyama na kukipima. Watu wanakiogopa kinyama kuliko ugonjwa, wanasema kisu kinausambaza. Hakiusambazi, na bila hicho hakuna anayejua anatibu nini. Ikibidi mionzi ya Ocean Road, hospitali ya saratani kule Dar es Salaam, treni ya SGR imepunguza adha ya safari.

Akina mama: kipimo cha mlango wa kizazi kwa siki ni cha dakika chache, na mabadiliko yakionekana hutibiwa kabla hayajawa saratani. Binti zenu wapate chanjo ya kuikinga saratani hiyo.

Yule dada wa Kongwa aliishia wapi?

Kaka yake alirudi baada ya miezi kadhaa, safari hii hakuomba mseto. Alishika cheti cha dawa ya kuzuia kutapika, akataka kujua kama dada anaweza kuimeza kabla ya uji au lazima ale kwanza. Nikamwambia anaweza kuimeza kabla. Akauliza bei, akalipa, akaniaga.